Kaisari na Mungu Wake: Jinsi ya Kusoma Picha na Maandishi ya Sarafu za Dhahabu za Kirumi

Sarafu ya dhahabu ya Kirumi ina kipenyo cha milimita 20 hivi. Katika nafasi hiyo ndogo mchongaji alitakiwa kuweka uso wa mtawala pamoja na jina na vyeo vyake, kisha upande wa pili amweke mungu, vifaa vya mungu huyo na maneno ya kumtambulisha. Watu wengi wanaoziona sarafu hizi kwenye majumba ya makumbusho au mtandaoni huishia kusema kwamba hapa ni kaisari na pale ni mungu fulani, kisha wanapita. Mwongozo huu unakusudia kumfikisha msomaji mbele zaidi: achukue sarafu moja, au picha yake iliyo safi, aisome hatua kwa hatua mpaka aweze kueleza mtawala huyo alitaka watu waamini nini kuhusu yeye na mungu aliyemweka nyuma.

Swali litakalotuongoza ni hili: kuna umbali gani kati ya kaisari na mungu? Huenda mungu amesimama juu yake akimkinga, huenda wako bega kwa bega, au huenda kaisari amejivika kabisa mavazi ya mungu. Kati ya Augustus na Konstantino Mkuu, kipindi cha miaka zaidi ya 300, umbali huo ulipungua na kuongezeka mara nyingi, na mara nyingi mabadiliko yake yanaweza kuhusishwa na jambo la kisiasa linalojulikana.

Maandalizi

Huna haja ya kumiliki sarafu yoyote. Makumbusho ya Uingereza jijini London, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa jijini Paris na Shirika la Elimu ya Sarafu la Marekani jijini New York yameweka mtandaoni picha za maelfu ya sarafu zao, na zinatazamwa bila malipo. Shirika hilo la New York pia linaendesha hifadhidata iitwayo OCRE, yenye aina zaidi ya 40,000 za sarafu za makaisari. Humo unaweza kutafuta kwa jina la mtawala, kwa madini, kwa mungu au kwa maneno yaliyoandikwa. Kwa anayeanza, njia nzuri ni kuchagua mtawala mmoja, kuchuja dhahabu peke yake, na kuzitazama zote kwa mfululizo. Mungu anayerudiarudia ataonekana haraka.

Ukibahatika kushika sarafu halisi, ishike kwa ukingo, juu ya kitambaa laini. Uwe na mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kioo cha kukuzia mara 10, na taa inayoweza kulazwa ili mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu, kwa sababu mwanga wa kutoka juu huyafuta macho, mikunjo ya nguo na herufi zilizochakaa. Usiisugue wala kuisafisha kwa kitu chochote.

Hatua ya kwanza: uzito, na mfuko wa aliyepokea

Sarafu kuu ya dhahabu iliitwa aureusi, na ilikuwa na thamani ya dinari 25 za fedha. Uzito wake ulipungua kwa vipindi vinavyojulikana. Chini ya Augustus ilikaribia gramu 7.8. Mwaka 64 Nero aliamuru ratili moja ya Kirumi, takriban gramu 325, itoe sarafu 45, yaani kila moja gramu 7.2 hivi. Caracalla alizifikisha 50 kwa ratili, Diocletianus 60, na kuanzia mwaka 310 hivi Konstantino alileta sarafu mpya iliyoitwa solidusi, 72 kwa ratili, yenye gramu 4.5. Kwa hiyo uzito peke yake unaweza kukupa kipindi hata kabla hujasoma herufi moja. Baadhi ya sarafu za Diocletianus zina hata herufi ya Kigiriki Ξ uwanjani, yaani kwenye sehemu tupu inayozunguka picha; herufi hiyo kwa hesabu ya Kigiriki ni 60, ikitangaza kwamba uzito ni ule halali.

Jambo la kukumbuka zaidi hapa ni nani aliyekuwa akiiona sarafu hii. Askari wa kikosi alilipwa dinari 225 kwa mwaka chini ya Augustus, kwa mafungu matatu, na kila fungu la dinari 75 ni sawa na sarafu tatu za dhahabu kamili. Domitianus alipoongeza mshahara aliongeza fungu la nne la sarafu tatu. Dhahabu ilikuwa mikononi mwa askari, maofisa, maseneta na wafanyabiashara wakubwa, nayo ndiyo iliyogawiwa kama zawadi mtawala mpya alipopanda kiti. Mwuza mboga sokoni alishika shaba. Unapoona mungu kwenye dhahabu, chukulia kwamba anazungumza na watu wenye uwezo wa kumweka kaisari madarakani au kumwondoa.

Hatua ya pili: maandishi ya mbele

Maandishi ya upande wenye uso mara nyingi huanzia chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa. Yameandikwa kwa Kilatini, kwa herufi kubwa, bila nafasi za uhakika kati ya maneno, na herufi V hutumika badala ya U. Vifupisho vichache vitakutosha kwa sarafu nyingi. IMP ni amiri jeshi, na baadaye likawa sehemu ya jina la kila mtawala. CAES ni Kaisari, na AVG ni Augustus, cheo cha mtawala mkuu. P M ni kuhani mkuu. TR P ni mamlaka ya mtetezi wa raia, yaliyohesabiwa upya kila mwaka. COS ni konsuli, ofisa mkuu wa dola, na namba inayofuata inaonyesha ameshika nafasi hiyo mara ngapi. P P ni Baba wa Taifa, cheo ambacho Watanzania hawahitaji kufafanuliwa. Majina kama GERM, DAC na PARTH yanataja mataifa aliyoyashinda.

TR P na COS ndizo kalenda yako. Sarafu ya Septimius Severus yenye TR P II ni ya mwaka 194, kwa sababu alitwaa madaraka mwaka 193. Pasipo na namba baada ya TR P itakubidi utegemee COS, ambayo huacha nafasi ya miaka kadhaa.

Vifupisho vya DIVI F vinastahili kutulia navyo. Maana yake ni mwana wa aliyefanywa mungu. Julius Caesar aliuawa mwaka 44 KK na akatangazwa rasmi kuwa mungu mwaka 42 KK, na mwanawe wa kuasili, ambaye baadaye aliitwa Augustus, hakuchelewa kujiandika kwenye sarafu kama mwana wa mungu. Angalia tofauti: hakujiita mungu. Alijisogeza karibu kwa njia ya ukoo, na Warumi wa tabaka la juu, ambao wasingemvumilia mfalme aliye mungu, waliweza kuishi na jambo hilo. Tiberius aliyemfuata aliandika TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani mwana wa Augustus aliyefanywa mungu. Wengi huamini kwamba dinari ya fedha yenye maneno hayo ndiyo iliyoletwa mbele ya Yesu alipouliza kuhusu sanamu na anwani. Picha hiyohiyo ilipigwa kwenye dhahabu pia.

Hatua ya tatu: kichwa na mabega

Usiishie kwenye sura. Tazama kilichoko kichwani na kilichoko begani. Shada la majani ya laureli ni la mshindi na ni la kawaida mno kwa mtawala mkuu, wakati kichwa kitupu mara nyingi ni cha mrithi ambaye bado ana cheo cha Kaisari tu. Taji lenye miale ni la mungu jua, na kuanzia Caracalla, likionekana kwenye dhahabu, huwa pia alama ya aureusi maradufu. Kilemba chembamba chenye vito, mtindo wa wafalme wa Kigiriki, kinaingia kwa Konstantino. Begani tafuta dirii ya vita, joho la amiri, au ngozi yenye nyoka na kichwa cha Gorgo, zimwi la kike la hadithi za Kigiriki; ngozi hiyo ni vazi la Jupiter na Minerva. Kipande kidogo cha ngozi hiyo kikitokeza kwenye bega la Traianus au Hadrianus, mtawala ameazima kitu cha mungu hata kabla hujageuza sarafu.

Hatua ya nne: mtambue mungu kwa vifaa vyake

Nyuso za miungu hufanana, kwa hiyo usizitegemee. Jupiter ana radi mkononi na fimbo ya enzi, na tai huwa karibu. Minerva ana chapeo, mkuki na ngao, na wakati mwingine bundi. Hercules ana rungu na ngozi ya simba. Apollo ana kinubi au tawi la laureli. Mungu jua, Sol, ana miale kichwani, mkono wa kulia umeinuliwa, na mkono wa kushoto umeshika tufe au mjeledi. Mars ana silaha kama Minerva, lakini ni mwanamume. Liber, mungu wa mvinyo, huambatana na chui. Serapis wa Misri ana chombo cha kupimia nafaka juu ya kichwa.

Kisha kuna kundi la wanawake wanaosimamia mambo ya heri, na hawa ndio wanaowachanganya wanaoanza. Ushindi ana mabawa, shada na kuti la mtende. Fortuna ana usukani na pembe ya neema. Salus, yaani afya na usalama, humlisha nyoka kwa kisahani cha tambiko. Amani hushika tawi la mzeituni. Jina lao huandikwa pembeni, na ukilisoma umemaliza kazi. Ni wengi sana, wanarudiwa na karibu kila mtawala, na kwa maoni yangu wanaeleza machache kuliko miungu wakubwa kuhusu uhusiano tunaoutafuta.

Hatua ya tano: sarufi ndogo inayobeba mzigo mkubwa

Kilatini hubadilisha mwisho wa neno ili kuonyesha kazi yake katika sentensi, na kwenye sarafu mwisho huo hubeba siasa. Chukua jina la Jupiter. Likiandikwa IVPPITER, mungu anatajwa tu kama anayeonekana. Likiandikwa IOVI, maana yake ni kwa Jupiter, yaani sarafu inageuka kuwa kitu cha kumtolea shukrani au nadhiri. Neno AVG baada ya jina la mungu mara nyingi ni la Augustus, na linamfanya mungu kuwa wa mtawala mwenyewe. Zikiwa G mbili, AVGG, watawala wenza ni wawili, na zikiwa tatu, AVGGG, ni watatu.

Baada ya hapo tafuta nomino ya uhusiano, kwa sababu ndiyo inayotaja kazi ambayo mungu amepewa. CVSTOS ni mlinzi. CONSERVATOR ni mwokozi na mhifadhi. VICTOR ni mshindi. COMES ni mwenzi wa safari, anayetembea pamoja nawe. AVSPEX ni anayesimamia ishara njema za mwanzo wa kazi. Mtu anayemwita mungu mlinzi amekubali kwamba yuko chini yake, na anayemwita mwenzi amejipandisha kiwango.

Hatua ya sita: pima umbali

Hapa ndipo kazi ilipo, na ningekushauri utumie nusu ya muda wako katika hatua hii. Utapima mambo matatu: nani mkubwa kwa kimo, nani anamgusa au kumkabidhi nani kitu, na nani anamtazama nani. Tuchukue sarafu kadhaa kwa mfuatano wa miaka.

Augustus, katika kiwanda cha sarafu cha Lugdunum, leo Lyon nchini Ufaransa, alipiga aureusi kati ya miaka ya 15 na 12 KK hivi zenye Apollo amevaa joho refu na kushika kinubi, pamoja na maneno IMP X na ACT. Herufi hizo tatu, ACT, zinataja Actium, mahali alipowashinda Antonius na Cleopatra mwaka 31 KK. Apollo alikuwa na hekalu karibu na uwanja ule wa vita. Mungu yuko peke yake upande wake na mtawala yuko peke yake upande mwingine. Kinachowaunganisha ni jina la vita tu. Huo ni umbali wa heshima.

Nero, baada ya njama ya Piso ya mwaka 65 iliyokusudia kumwua, alitoa aureusi yenye Jupiter ameketi na radi mkononi, na maneno IVPPITER CVSTOS. Jupiter mlinzi. Picha ni ya kawaida kabisa, lakini ukijua mwaka unaelewa kwamba aliyepokea sarafu ile alikuwa akiambiwa kwamba visu vilishindwa kwa sababu mungu mkuu alikuwa macho.

Domitianus alimchagua Minerva na kumng'ang'ania. Karibu kila mwaka wa utawala wake alitoa picha zake, akiwa anatembea na mkuki, au amesimama juu ya omo ya jahazi na bundi wake miguuni. Mwandishi Suetonius anasimulia kwamba muda mfupi kabla ya kuuawa mwaka 96, Domitianus aliota Minerva akitoka kwenye madhabahu yake na kumwambia hawezi tena kumlinda kwa kuwa Jupiter amemnyang'anya silaha. Iwe ni kweli au ni hadithi ya baadaye, inaonyesha kwamba watu waliuchukua ulinzi ule kama habari ya kisiasa.

Sasa weka mbele yako aureusi moja ya Traianus na uitazame kwa karibu. Mbele imeandikwa IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P COS VI P P. Angalia kwamba ni TRAIANO, si TRAIANVS: kwa Traianus, kana kwamba sarafu nzima ametolewa yeye. COS VI inaanza mwaka 112, na jina la heshima OPTIMVS, ambalo alilichukua mwaka 114, halipo, kwa hiyo tuko kati ya miaka hiyo miwili. Geuza. Jupiter amesimama, mrefu kutoka juu hadi chini ya uwanja, joho likining'inia mabegani, fimbo ya enzi katika mkono mmoja na radi katika mwingine. Chini ya mkono wenye radi amesimama mtu mdogo, hafiki kifuani mwa mungu. Ndiye Traianus, mshindi wa Dacia, Romania ya leo, mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani kwa macho ya Warumi, naye amechorwa kama mtoto aliyejificha chini ya bawa la mzazi. Maneno yanasema CONSERVATORI PATRIS PATRIAE, kwa mhifadhi wa Baba wa Taifa. Kwa hiyo pande zote mbili ni utoaji: mbele kwa Traianus, nyuma kwa anayemhifadhi. Mamlaka yanashuka kutoka kwa mungu kwenda kwa mtawala, na kutoka kwa mtawala kwenda kwa raia, na hakuna mahali ambapo Traianus anajidai kuwa zaidi ya alivyo. Kwa macho yangu hii ni mojawapo ya sarafu zenye akili zaidi zilizowahi kutoka Roma, kwa kuwa udogo wake ndio unaompa ukubwa.

Commodus alifanya kinyume. Mwaka 192 sarafu zake zilimwonyesha amevaa ngozi ya simba kichwani, taya za mnyama juu ya paji la uso, na nyuma maneno HERCVLI ROMANO AVG, kwa Hercules wa Kirumi. Mungu na mtawala wamekuwa mtu mmoja, umbali umefutwa. Aliuawa siku ya mwisho ya mwaka huo.

Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Alipotwaa madaraka hakuiacha miungu ya nyumbani kwake. Aureusi ya mwaka 194 ina Hercules na Liber wamesimama pamoja, rungu na ngozi ya simba kwa mmoja, chui miguuni kwa mwingine, na maneno DIS AVSPICIB, kwa miungu wanaosimamia ishara njema. Kwa Mrumi wa kawaida hao ni Hercules na Liber anaowafahamu tangu utoto. Kwa mtu wa Leptis ni Milkashtart na Shadrapha, miungu walinzi wa mji wake, waliovikwa majina ya Kilatini. Sarafu moja ilizungumza lugha mbili, na mwaka 204 jambo likawekwa wazi zaidi pale miungu haohao walipoitwa DI PATRII, miungu wa kwetu. Ukitaka kuona Afrika ikiingia katikati ya picha rasmi za dola, anzia hapa.

Elagabalus, aliyepewa dola akiwa kijana wa miaka 14 mwaka 218, hakuona sababu ya kuvika majina. Alikuwa kuhani wa mungu wa Emesa, leo Homs nchini Siria, ambaye hakuwa na sura ya mtu bali alikuwa jiwe. Aureusi yake inaonyesha gari la farasi wanne limebeba jiwe hilo, tai mbele yake na miavuli minne kulizunguka, pamoja na maneno SANCT DEO SOLI ELAGABAL. Mtawala hayumo kabisa kwenye picha. Ni maandamano ya mungu kwenda Roma, na watu wa Roma hawakuyapenda. Aliuawa mwaka 222.

Aurelianus naye aliinua jua, lakini kwa sura ya Kirumi iliyozoeleka, na mwaka 274 akamjengea Sol hekalu jijini Roma. Baada yake Diocletianus aliupanga uhusiano huu kama mfumo wa ofisi: yeye akachukua jina Iovius, wa Jupiter, na mwenzake Maximianus akawa Herculius, wa Hercules. Dhahabu za mmoja zinasema IOVI CONSERVATORI, za mwingine zinamtaja Hercules, ingawa utakuta pia wakibadilishana. Jupiter hupanga na Hercules hutekeleza, na askari yeyote alielewa nani ni mkubwa.

Kisha njoo kwenye medali ya dhahabu ya Konstantino iliyopigwa Ticinum, leo Pavia, mwaka 313, ambayo ina uzito wa solidusi tisa, karibu gramu 40, na inahifadhiwa Paris. Mbele kuna nyuso mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu, zikitazama upande mmoja: Konstantino mbele, na nyuma yake Sol mwenye miale. Pua zinafanana, kidevu kinafanana. Kwenye ngao ya Konstantino kuna gari la jua. Maandishi yanamwita INVICTVS, asiyeshindika, jina ambalo lilikuwa la Sol mwenyewe. Na hii ni mwaka mmoja baada ya vita vya Daraja la Milvio, ambavyo Wakristo walivieleza kama ushindi wa Kristo. Kwa hiyo usichukue sarafu kama shajara ya imani ya mtu. Sarafu huonyesha lugha ambayo dola iliona bado inaeleweka kwa wapokeaji wake. Sol alibaki kwenye sarafu za Konstantino hadi karibu mwaka 325.

Hatua ya saba: mahali ilipopigwa

Kwa sarafu za karne mbili za kwanza, mahali hutambuliwa zaidi kwa mtindo wa uchongaji, na hilo linahitaji uzoefu. Kuanzia karne ya 3 utapata herufi chini ya mstari wa sakafu ya picha. SMT, kwa mfano, ni fedha takatifu ya Ticinum. Karibu mwishoni mwa karne ya 4 CONOB inaenea: CON ni Konstantinopoli, na OB ni kifupisho cha neno la Kilatini la dhahabu iliyosafishwa, ambacho kwa hesabu ya Kigiriki pia ni 72, idadi ya solidusi katika ratili. Tahadhari na COMOB: hii ilitumika upande wa magharibi, na jina la mji hutafutwa kwa herufi zilizoko uwanjani, kama RV ya Ravenna au MD ya Milano.

Mitego

Dhahabu haishiki kutu, kwa hiyo sarafu bandia ya jana inaweza kung'aa sawasawa na ya Nero. Zilizomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo vya hewa na mstari ukingoni. Mbaya zaidi ni zile zinazopigwa kwa muhuri ulionakiliwa kutoka kwenye sarafu halisi. Ukikuta sarafu mbili zenye mikwaruzo ileile na ufa uleule ukingoni, angalau moja ni ya uongo, kwa kuwa kila pigo la nyundo ya kale lilitoa ukingo wake. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri ya sarafu za kale kwa ustadi kiasi kwamba kazi zake sasa zinakusanywa kwa jina lake.

Asili ya kisheria ni mtego mwingine. Aureusi ya Brutus, mmoja wa wauaji wa Julius Caesar, yenye visu viwili na kofia ya uhuru kukumbuka mauaji hayo, iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Uchunguzi ulibaini kwamba historia yake ya umiliki ilighushiwa, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Usinunue wala usikubali kupokea sarafu isiyo na hati zinazoeleza imetoka wapi, hasa historia ya kabla ya mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni.

Mtego wa tatu uko kwenye tafsiri. Ni rahisi kuandika kwamba kaisari alichagua picha hii. Waandishi wa kale wanasema hivyo mara chache tu: askofu Eusebius, kwa mfano, anaeleza kwamba Konstantino aliamuru achorwe kwenye dhahabu akiwa ameinua macho kama anayeomba. Pasipo ushahidi kama huo, andika kwamba sarafu inamwonyesha kaisari hivi au vile.

Hatua ya nane: andika na ujaribu kwingine

Kwa kila sarafu andika kadi: uzito, maandishi ya pande zote mbili herufi kwa herufi pamoja na yaliyofutika kwenye mabano, kilichoko kichwani na begani, vifaa vya mungu, nomino ya uhusiano, umbali, mwaka na mahali. Kadi za mtawala mmoja zipange kwa miaka, kisha weka pembeni vita, njama na vifo vinavyojulikana.

Ukishazoea, jaribu mbinu hiyohiyo nje ya Roma. Dola ya Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, ilianza kupiga dhahabu yake karibu mwaka 270 chini ya Endubis. Mfalme yuko pande zote mbili za sarafu, amezungukwa na masuke mawili ya nafaka, na mungu hana sura. Ni mwezi mwandamo na duara tu juu ya kichwa cha mfalme. Katika utawala wa Ezana, karne ya 4, alama hizo zinaondoka na msalaba unachukua nafasi yake palepale, huku mfalme na masuke wakibaki kama walivyokuwa.

Kisha nenda Konstantinopoli, kati ya miaka 692 na 695, kwa solidusi ya Justinianus wa Pili. Uso wa Kristo uko upande wa mbele, mahali ambapo kwa miaka 700 palikuwa pa kaisari, na kaisari amehamia nyuma, amesimama na msalaba, akijiita SERV CHRISTI, mtumwa wa Kristo. Miaka michache baadaye, mwaka 77 wa Hijria, khalifa Abd al-Malik alitoa dinari ya dhahabu ya gramu 4.25 isiyo na mtawala wala picha yoyote, ila shahada na aya za Kurani pande zote mbili. Hapo maswali ya taji, joho na rungu yanakoma, unabaki na maandishi peke yake, na kamusi ya Kilatini utaibadilisha kwa hati ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu.